Zamu ya Usiku, Sehemu ya 11: Mbwa wa jirani, binti yangu na mimi

Wewe unayesoma hii saa nane ya usiku huku mtoto amelala kifuani na mkono umekufa ganzi, nakusalimia kwa upole.

Tangu niandike ile sehemu ya 9 kuhusu kuungana tena na mtoto baada ya kukaa mbali naye, meseji zimejaa hadi nimeshindwa kujibu. Mmoja yuko Doha, mwingine Muscat, mwingine hata hajavuka mpaka, yeye yuko Nairobi na mtoto yuko kijijini kwa nyanya. Wote mnauliza jambo moja. Kuna dada alilisema vizuri kuliko mimi: "Mtoto nimempata, lakini bado sijampata."

Na wengine mliona zile picha nilizoweka, kambwa keupe kanaruka kijiti na mimi nyuma nimefungua mdomo kama samaki, mkauliza kama baridi ya huku imenifika kichwani. Leo najibu maswali yote mawili, kwa sababu jibu lake ni moja.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni muuguzi, diploma yangu ni ya KMTC, nyumbani ni karibu na Voi. Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia sahihi makubaliano ya wahudumu wa afya, na wengi wetu tukaanza kuhesabu nauli. Mimi nilifika mwaka 2022. Mtihani wa kompyuta niliufanyia nyumbani, ule wa vitendo nikaufanyia huku, na tangu hapo niko wodini, kaskazini mwa England, Yorkshire. Binti yangu nilimwacha na mama yangu akiwa na miaka 5. Alinifuata akikaribia 8.

Sitaandika hapa kwamba nilikosea kuondoka. Ada ya shule, mabati mapya, dawa za presha za mama, vyote vimetoka kwenye zamu hizi. Niliondoka kwa sababu, na sababu ile ingerudi leo ningeondoka tena. Lakini sababu iwe nzuri namna gani, haimzuii mtoto kuumia. Hayo mawili yanakaa pamoja nyumba moja, na mzazi anajifunza kuishi nayo.

ALIKUWA NA ADABU MNO

Watu walitarajia niwaambie kwamba mtoto alikuja na fujo. Hapana. Alikuja na adabu. Adabu ya mgeni.

Akimaliza kula: "Asante kwa chakula." Akitaka maji: "Naomba kufungua friji?" Akiamka usiku ameota vibaya, haji kitandani kwangu. Anakaa mlangoni mwa chumba chake amekunja miguu, anangoja kupambazuke. Nikimkuta anasema, "Niko sawa."

Na hakuniita kitu. Hilo lilinichukua wiki kadhaa kuligundua. Nyanya yake alimwita nyanya, mwalimu alimwita mwalimu. Mimi akinitaka alikuwa anakuja kusimama mahali nitakapomwona, kisha anangoja nigeuke.

Wenzangu kazini walimsifu. "Mtoto wako ametulia! Amezoea haraka!" Nikawa natabasamu, lakini ndani tumbo linanikaza, kwa sababu hilo neno "amezoea" nalijua. Tulifundishwa darasani.

Wacha niwape kidogo ya darasa hilo. Zamani katika hospitali za hapa Uingereza, mtoto akilazwa, mzazi alikuwa akiruhusiwa kumwona kwa shida sana. Waliamini mama akija mtoto analia, akiondoka anatulia, kwa hiyo heri asije. Mwaka 1952 bwana mmoja anaitwa James Robertson, aliyekuwa akifanya kazi na daktari John Bowlby, alitoa filamu ya mtoto wa kike wa miaka 2 aliyelazwa siku 8. Katika kazi yao walieleza hatua tatu za mtoto anayetenganishwa na mama. Kwanza anapinga: analia, anaita, anatikisa kitanda. Kisha anakata tamaa: ananyamaza, anajikunyata. Halafu inakuja hatua ya tatu ambayo ndiyo inawadanganya watu wazima. Anakula, anacheza, anamchekea kila muuguzi. Wodi nzima inasema amezoea. Mama yake anapokuja, anamtazama kama mtu aliyemwona sokoni. Hajazoea. Amejitenga ili asiumie tena.

Filamu ile iliwaudhi madaktari na wauguzi wengi. Lakini mwaka 1959 ripoti ya serikali ilipendekeza wazazi waruhusiwe kuwatembelea watoto wao bila mipaka ile ya zamani. Leo mama analala kwenye kiti kando ya kitanda cha mtoto wodini na hakuna anayeshangaa.

Mimi si mwanasaikolojia, na si kila mtoto mtulivu ana shida. Wengine ndivyo walivyoumbwa. Lakini wangu namjua. Alipokuwa na miaka 4 alikuwa anagombana na kuku. Huyu aliyekuwa anaomba ruhusa ya friji hakuwa yeye.

Nilijaribu yote mnayojaribu. Nilimkalisha: "Mwanangu, hebu niambie unavyojisikia." Akasema, "Vizuri." Nilimpikia chapati, nilimnunulia baiskeli. Nilikuwa namtazama usoni kutafuta mlango, na yeye alikuwa anausoma uso wangu kutafuta jibu gani litanifurahisha ili nimwache.

PEPPER

Nyumba ya tatu kutoka kwetu anakaa bibi mmoja wa miaka 70 na kitu. Alikuwa amebadilishwa nyonga na anatembea na fimbo. Ana mbwa jike mdogo mweupe, sikio moja jeusi, mchanganyiko wa hiki na kile, anaitwa Pepper. Siku moja yule bibi aliniuliza kama binti yangu angependa kumtembeza mbwa hadi mwisho wa barabara na kurudi. Nilitaka kukataa. Kwetu, si mnajua, mbwa ni askari. Analala nje, anabweka tembo wakitoka Tsavo kuja kula mahindi, na hakuna mtu anayemshika kichwa. Lakini binti yangu alikuwa ameshachuchumaa. Mbwa ananusa viatu vyake na yeye anacheka. Kicheko hicho nilikuwa nimekisikia kwenye simu tu.

Basi akawa anamtembeza, kila siku baada ya shule, mimi nikiwa nyuma yake. Akamwita Pilipili. Wote wawili wakakubali.

Ndipo bibi akatuambia kwamba Pilipili ni mwanariadha. Kwa miaka kadhaa walikuwa wakishindana katika mchezo wanaouita ajiliti, na sasa nyonga imemtoa uwanjani yeye, lakini mbwa bado anataka kukimbia. Kila Alhamisi jioni, saa ya mazoezi ikifika, anakaa mlangoni analia.

Ajiliti, kwa ambao hamjawahi kuona, ni hivi. Uwanjani kuna vizuizi, na mbwa anavipita kwa mpangilio aliouweka mwamuzi siku hiyo, haraka iwezekanavyo. Kuna vijiti vya kuruka. Kuna bomba la kitambaa la kupita ndani. Kuna ubao mwembamba wa juu kama daraja, kuna bembea ya ubao inayoshuka mbwa akifika upande wa pili, kuna kiunzi kilichosimama kama paa la nyumba. Na kuna nguzo za kupita katikati yake nyoka-nyoka, hadi 12. Mchezo ulianza mwaka 1978 hapa hapa Uingereza, kwenye maonyesho makubwa ya mbwa ya Crufts. Walitaka tu kitu cha kuwafurahisha watu wakati wa mapumziko, wakaiga mashindano ya farasi kuruka viunzi. Watu wakapenda, na sasa unachezwa nchi nyingi.

Si lazima mbwa awe wa ukoo. Chotara kama Pilipili anaruhusiwa. Wanapimwa urefu wa begani. Wadogo kama yeye wanaruka sentimita 30, wakubwa wanaruka 60. Kijiti kikianguka ni makosa 5. Mbwa akiruka kutoka kwenye ubao bila kukanyaga ile sehemu ya chini iliyopakwa rangi ni makosa 5. Akigoma mbele ya kizuizi, 5. Akigoma mara tatu, au akipita kizuizi kisicho zamu yake, mmetolewa.

Na hapa ndipo mchezo uliponishika mimi: ukiwa uwanjani huruhusiwi kumvuta mbwa kwa kamba, kumsukuma, wala kubeba chakula mkononi. Kamba inabaki mlangoni. Unabaki wewe, sauti yako, na yale mliyojenga kabla hamjaingia.

ALHAMISI ZA JANUARI

Mazoezi yalikuwa ndani ya banda la farasi lenye sakafu ya mchanga, baridi hadi meno yanagongana. Mimi ndiye niliyekuwa nikimbie. Binti yangu alikataa. Alisema kwa adabu, "Hapana, asante. Nitashika kamba."

Mbwa ndiye alikuwa mwalimu. Yeye kazi anaijua. Mimi nilikuwa napiga kelele, "Bomba! Bomba!" na yeye anakwenda kwenye kijiti, kwa sababu mdomo wangu ulisema bomba lakini mabega na miguu vilielekea kwenye kijiti. Mwalimu wa klabu akaniambia mbwa anasikiliza mwili kwanza, maneno baadaye. Akina mama, hilo mkaliweke mahali. Mtoto naye ni hivyo hivyo. Ukimwambia "niko nawe" huku kidole kinapandisha simu, anasikia kidole.

Jambo la pili la klabu: mazoezi ni mafupi. Dakika chache, mbwa amefaulu kitu kimoja kidogo, anapewa kipande cha kuku, mnaacha. Mnaacha akiwa bado anataka. Mimi na binti yangu tulikuwa tumezoea yale mazungumzo makubwa ya Jumapili, tumekaa mezani, mimi natafuta kulia. Tukayaacha. Sasa tulikuwa na kazi ndogo ndogo: kukata kuku vipande vya ukubwa wa kucha, kukausha miguu ya mbwa, kufungasha gambuti, kufuta matope kwenye gari.

Na tukawa tunafanya hizo kazi tumekaa ubavu kwa ubavu, macho yote mawili kwa mbwa. Hapo, bila mtu kumtazama usoni, mtoto akaanza kuzungumza. Mara ya kwanza ilikuwa kwenye gari gizani, tunarudi. Alisema, "Kule nyumbani Simba alikufa." Simba ni mbwa wa mama yangu. Sikujua kama alimpenda. Nikasema, "Kumbe." Akaendelea hadi tukafika mlangoni, na nikazunguka mtaa mara mbili zaidi ili asinyamaze.

MSIMU UNAANZA

Mashindano ya nje yalianza majira ya kuchipua. Unafika shambani asubuhi mapema, magari na mahema yamejaa, mbwa wanabweka kila upande, na mzunguko wako mmoja unachukua chini ya dakika. Unaendesha gari saa mbili, unangoja saa tatu, unakimbia sekunde 40, unatolewa kwenye kizuizi cha nne. Kisha unangoja tena.

Mara nyingi tulikuwa Waafrika peke yetu uwanjani. Watu walitutazama sisi, wakamtazama mbwa, kisha wakauliza mbwa ana miaka mingapi. Baada ya hapo tukawa watu wa Pepper tu.

Mama yangu alipigiwa kwa video tukiwa kwenye foleni. "Na hiyo ni kazi gani mwanangu? Umeenda Ulaya kukimbiza mbwa?" Nikamwambia hata silipwi, mimi ndiye ninayelipa. Alicheka hadi simu ikamwanguka.

Binti yangu akapata kazi yake. Mashindano yale yanaendeshwa na watu wa kujitolea. Kijiti kikianguka kuna mtu anakaa pembeni na kazi yake ni kukirudisha. Walimpa kiti na kofia. Alikaa pale darasa zima zima, mvua na jua, akitazama watu wakikimbia. Siku hizo hakuwa mtoto wa mtu aliyehama. Alikuwa mtu wa vijiti, na asipokuwepo kazi inasimama.

Kabla ya kila darasa kukimbia, washindani huingia uwanjani bila mbwa kutembea njia yote na kuikariri. Utaona watu wazima wananyoosha mikono na kuzungumza na mbwa asiyekuwepo, unaweza kudhani ni wodi ya magonjwa ya akili. Siku moja mwezi wa Juni nilikuwa natembea vile, nahesabu, na yeye alikuwa nami. Akasimama baada ya kizuizi cha saba. Akasema bila kunitazama, "Mama, hapa utachelewa kugeuka. Pilipili atakuwa ameshaliona bomba."

Sikugeuka. Niliogopa nikimkumbatia atarudi kwenye "niko sawa". Nikauliza tu, "Sasa nikae wapi?" Akanionyesha. Tulimaliza safi siku hiyo, hakuna kosa hata moja, na saa yetu ilikuwa mbaya kiasi kwamba hatukupata nafasi yoyote. Walitupa riboni ya mzunguko safi. Aliivaa hadi kitandani.

Wiki mbili baadaye alisema atakimbia yeye.

MWEZI WA AGOSTI

Mtoto akikimbia na mbwa ni kitu kingine kabisa. Mimi nilikuwa nakimbia na hofu, yeye alikimbia na rafiki yake. Alikuwa anamwacha nyuma ya kijiti cha kwanza amekaa, anatembea mbele hatua kumi na mgongo umemgeukia, hatazami nyuma. Halafu anamwita. Mbwa anangoja pale anatetemeka mwili mzima, lakini hanyanyuki hadi aitwe. Kila nilipomtazama yule mbwa aliyeachwa akimngoja mtu aliyempa mgongo, nilikuwa nahisi kitu kooni. Nilijua ni nani mwingine anayekiona.

Basi Agosti, mashindano ya siku mbili, tumelala kwenye hema. Jumapili mchana alikuwa anakimbia vizuri, vizuizi 14 safi. Kuna watu walikuwa wanachoma soseji upande wa upepo. Pilipili akatoka kwenye bomba, akainua pua, akapita chini ya kamba ya uwanja, akaenda zake. Wametolewa. Watu wakacheka kwa upendo tu, maana kila mtu pale imewahi kumpata. Mbwa akashikwa, akaletwa na kipande cha soseji mdomoni.

Binti yangu hakucheka. Alimfunga kamba, akampeleka kwa bibi, akatembea hadi kwenye gari letu. Nilipofika akanigeukia.

"Ulisema atarudi nikimwita!"

Nikasema, "Mara nyingi hurudi."

"Ulisema! Na ulisema utakuja kunichukua Krismasi!"

Kimya. Upepo unatikisa mahema.

Nilikuwa nimesema Krismasi, ni kweli, kwa sababu mimi pia niliambiwa Krismasi. Kisha karatasi zikachelewa, ofisi ikataka barua nyingine, ikawa Pasaka, ikawa Juni. Maelezo yote nilikuwa nayo mdomoni. Lakini miaka yangu wodini imenifundisha kitu kimoja: mgonjwa akilia kwa maumivu, huanzi kumweleza jinsi dawa inavyofanya kazi. Unamshika mkono kwanza.

Nikasema, "Nilisema Krismasi. Ulingoja."

"Nilikaa pale kwenye mwembe. Kila matatu ikisimama. Nyanya aliniambia niingie ndani na mimi nikakataa. Kwa nini ulinidanganya? Kwa nini uliniacha?"

Alipiga kelele. Alinipiga ngumi tumboni, mikono midogo, yenye matope. Watu wa hema la jirani waligeuka wakajifanya hawaoni, Mungu awabariki. Na mimi nimesimama pale napigwa, machozi yananitoka, na sehemu moja ya kichwa changu, ile ya uuguzi, inasema: amerudi. Huyu ndiye yule aliyegombana na kuku. Hii ndiyo hatua ya kwanza, ile ya kupinga, ambayo hakuwa na mtu wa kumpelekea miaka yote ile. Ameihifadhi hadi alipopata uhakika kwamba nikikasirishwa sitaondoka.

Sikumwambia "mama alikuwa anakutafutia maisha". Ni kweli, na atalielewa akiwa mkubwa. Siku ile nilimwambia, "Endelea. Nakusikia. Siendi popote." Akaendelea hadi akachoka. Kisha akasema ana njaa. Tukaenda kununua soseji kwa wale wale walioharibu mzunguko wetu.

Usiku huo alikuja upande wangu wa hema, akalala juu ya mkono wangu hadi ukafa ganzi. Sikuutoa.

HESABU YA MSIMU

Tulimaliza mwisho wa Septemba. Mashindano 7. Mizunguko 31 kati yangu na yeye. Misafi 6. Riboni moja ya nafasi ya 5, ya kwake, si yangu. Pilipili alikuwa daraja la 3 tulipomchukua, na daraja ziko 7. Tumemrudisha akiwa daraja la 3.

Nyumbani mambo yameharibika vizuri. Anafunga mlango kwa kishindo. Anasema chakula changu hakina chumvi. Friji inafunguliwa kila dakika 10 na hakuna anayeomba. Bado kuna siku anarudi kwenye adabu ile, hasa nikipangiwa zamu za usiku mfululizo, na bado kuna maswali ya mwembe ambayo hajamaliza kuuliza. Mwalimu wake tumeshazungumza, na kuna mshauri wa watoto shuleni anayekaa naye mara moja kwa wiki. Mbwa amefungua mlango. Nyumba nzima haijafagiliwa na mbwa.

SASA WEWE

Mengi mnayoniuliza nayajibu hivi, kwa ufupi.

Si lazima mbwa. Tafuta kazi ya watu wawili ambayo mtoto anaweza kuwa bora kuliko wewe. Kuku wa mayai, kusuka, kukaanga mandazi, mpira, bustani ya sukuma wiki kwenye magunia. Iwe na mwisho wa karibu, na irudi kila wiki siku ile ile. Mkae ubavu kwa ubavu.

Usiogope hasira ikija. Ogopa zaidi mtoto anayekushukuru kwa kila sahani. Akilipuka usijitetee hapo hapo. Rudia alichosema, baki hapo. Maelezo yatapata siku yake.

Na anayemlea mtoto wako sasa hivi, nyanya au dada yako, msimseme vibaya mbele ya mtoto hata kidogo. Mtoto ana moyo wa kuwatosha wote.

Ukiona mtoto halali, hali, anajiumiza, au ameacha kabisa kuongea shuleni kwa wiki kadhaa, usingoje mbwa wala kuku. Mpeleke hospitali au umwone mshauri.

La mwisho ni la kiuguzi, kwa sababu najua baada ya posti hii watoto watataka mbwa. Mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa, hata mbwa mpole. Asimguse mbwa anayekula, aliyelala, au mwenye watoto. Aombe ruhusa kwa mwenye mbwa kwanza. Mbwa apewe dawa ya minyoo, na mikono inawe kabla ya kula. Na kwa walio nyumbani Afrika Mashariki, ambako kichaa cha mbwa bado kipo: mbwa awe na chanjo, na mtoto akiumwa au kukwaruzwa na mbwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo. Usipake pilipili, majivu wala mafuta ya taa. Usingoje kuona kama mbwa atakufa. Dalili za ugonjwa huo zikishaanza kwa binadamu, karibu wote hufa, lakini chanjo ikiwahi inaokoa. Kila mtoto afundishwe kumwambia mtu mzima akiumwa, hata kama alikuwa anamchokoza mbwa. Wengi huficha kwa kuogopa kuchapwa.

Sehemu ya 12 nitaandika kuhusu homa ya mtoto usiku na lini hasa ya kukimbilia hospitali. Sasa naenda kulala, zamu inaanza saa moja na nusu jioni.